Joto Pande Mbili, Hewa Moja: Kiyoyozi cha Gari la Huduma

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia, Samuye)



Nimeombwa nizungumzie kiyoyozi cha gari, hasa kile kinachojiendesha chenyewe na kutoa joto tofauti kwa dereva na kwa abiria. Huenda wapo wanaojiuliza kamati ya parokia inahusikaje na jambo hili. Inahusika kwa sababu mbili. Kwanza, magari mengi tunayopewa na wafadhili, au tunayonunua yakiwa yametumika Japani, huja na mtambo huo. Pili, magari hayo hubeba wagonjwa, na baadhi yao wana kifua kikuu. Katika ukanda wetu huu wa machimbo, vumbi la mawe huharibu mapafu ya wachimbaji na kuyafanya yashikwe na ugonjwa huo kwa urahisi. Kitufe kimoja kwenye dashibodi kinaweza kumlinda dereva na mhudumu, au kumweka hatarini.

Kinavyopoza

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinachofanya ni kuchota joto ndani ya gari na kulitupa nje. Mfano tunao majumbani: maji ya mtungi wa udongo hupoa kwa sababu yale yanayotoka jasho kwenye ngozi ya mtungi hukauka, na yanapokauka huondoka na joto. Mfano mwingine ni pampu ya baiskeli. Ukipampu kwa nguvu, mwisho wa pampu hupata moto, kwa kuwa hewa inayobanwa hupanda joto.

Kiyoyozi kimeunganisha mambo hayo mawili. Kompresa, inayozungushwa na injini kwa mkanda, hubana gesi maalumu hadi ikawa moto sana. Gesi hiyo hupita kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta, ambako upepo huichukulia joto nayo ikageuka kimiminika. Kisha kimiminika hupita kwenye tundu jembamba, mgandamizo ukashuka ghafla, kikaingia baridi kwenye evaporeta iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Humo huchemka na kuwa gesi tena, kikinyonya joto la hewa inayosukumwa na feni. Unyevu wa hewa hiyo huganda matone, na ndiyo yale maji safi yanayodondoka chini ya gari. Msiyaogope, hayo si dalili ya ubovu.

Kinavyojiendesha

Gari la kwanza kuuzwa likiwa na kiyoyozi lilitoka kiwanda cha Packard cha Marekani, lililotangazwa mwaka 1939. Miaka mingi baadaye dereva alikuwa bado analazimika kuongeza na kupunguza mwenyewe. Mwaka 1964 Cadillac walileta mtambo unaojirekebisha: unachagua kiasi cha joto, mengine unauachia.

Mama anayesonga ugali hufanya kazi hiyo hiyo. Moto ukizidi huvuta kuni nje, ukipungua huzisukuma ndani. Katika gari, macho ya mama ni vihisi: kimoja hupima joto la ndani, kingine joto la nje karibu na bampa, kingine kipo juu ya dashibodi na hupima ukali wa jua, na kingine huangalia evaporeta isije ikaganda barafu. Mikono ya mama ni kompyuta ndogo. Hulinganisha joto lililopo na lile uliloagiza, kisha huamua feni izunguke kwa kasi gani, kompresa ifanye kazi au ipumzike, na hewa itoke juu au miguuni.

Kwa hiyo kuagiza nyuzi 16 hakupoozi gari haraka kuliko kuagiza 22 pale ambapo gari limekaa juani na mtambo tayari unafanya kazi kwa nguvu zake zote. Unachofanya ni kuchelewesha kompresa kupumzika, na mafuta yanayochomwa ni ya sadaka za waumini.

Pande mbili ni kitu gani?

Wengi hudhani gari la namna hii lina viyoyozi viwili. Sivyo. Kompresa ni moja na evaporeta ni moja. Hewa ikishapozwa, hugawanywa njia mbili. Katika kila njia kuna mlango mdogo unaosukumwa na mota ya umeme. Mlango huo huamua hewa kiasi gani ipite kwenye rejeta ndogo ya ndani, yenye maji ya moto ya injini, na kiasi gani ipite pembeni bila kupashwa. Dereva anayepigwa na jua akiagiza nyuzi 22, na mama mjamzito aliye upande wa pili akiagiza 26, mlango wa kila upande hukaa mahali tofauti.

Lakini hakuna ukuta kati yao. Hewa hiyo ikishatoka kwenye matundu huchanganyika. Ndiyo maana mtambo hauwezi kutunza tofauti kubwa, na ndiyo maana nasema: joto ni la pande mbili, hewa ni moja.

Hatari iliyopo

Ndugu zangu, hapa naomba tusikilizane vizuri. Kifua kikuu huenezwa kwa hewa, mgonjwa anapokohoa. Dereva akiamini kwamba "upande wangu una hewa yangu", atafunga vioo na kusafiri na mgonjwa hadi Shinyanga mjini au Kahama akiwa na amani isiyo na msingi.

Kuna jambo la pili. Kwenye dashibodi kuna kitufe cha kuchagua hewa ya nje au kuzungusha ile ile ya ndani. Madereva wetu hupenda hewa ya ndani kwa sababu ya vumbi la kiangazi, na kwa vumbi wana haki. Mtambo wenyewe pia, gari likiwa limeanikwa juani, mara nyingi huchagua kuzungusha hewa ya ndani ili lipoe haraka. Hapo kila pumzi ya mgonjwa huzunguka na kurudi. Chujio la kawaida la kiyoyozi limetengenezwa kwa ajili ya vumbi. Lisitegemewe kuzuia vijidudu.

Kwa hiyo, unapombeba mgonjwa anayekohoa: mpe barakoa, fungua vioo, chagua hewa ya nje, ongeza feni. Ndiyo, joto litaingia na vumbi litaingia. Ukikutana na lori, punguza mwendo uliache litangulie mbali. Vumbi hufutwa kwa kitambaa. Kifua kikuu hutibiwa kwa miezi kadhaa. Tufanye haya bila kumnyanyapaa mgonjwa, maana akishaanza dawa zinazomfaa hatari ya kuambukiza hupungua sana.

Nawakumbusha pia kuhusu chanjo. Nyingi hutakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Hakuna kiyoyozi cha gari kitakachofikisha viti vya abiria hapo. Chanjo isafiri kwenye kisanduku chake cha baridi, na kisanduku kiwe kivulini.

Kazi ya kamati

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Naomba kila kamati iweke katika bajeti ya gari: kubadilisha chujio la hewa, ambalo kwa vumbi letu huziba mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema, kuosha kondensa, na kukagua mkanda wa kompresa.

Gesi ya kiyoyozi isiachiwe hewani. Ile inayoitwa R-134a, iliyomo katika magari mengi tuliyonayo, hupasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko uzito ule ule wa hewa ya ukaa. Mataifa yalikubaliana mjini Kigali mwaka 2016 kupunguza gesi za aina hiyo. Sisi watu wa Shinyanga, tuliorudisha miti kwa ngitili na mpango wa HASHI ulioanza mwaka 1986, tusiharibu kwa mkono mwingine. Fundi asiye na mashine ya kuikusanya gesi asifungue mabomba.

Kwa wafadhili wetu tunasema asante. Tunawaomba jambo moja: kabla ya kutuletea gari, tuulizeni. Mtambo wenye vihisi na mota nyingi unahitaji kifaa cha kuupima na fundi anayeuelewa. Kwa njia zetu, gari lenye vishikizo vya kuzungusha kwa mkono mara nyingi litatumika muda mrefu zaidi. Na kama gari lililopo ni lenye pande mbili, fedha kidogo ya mafunzo ya dereva itaokoa afya yake na ya wale anaowabeba.

Tukirudi parokiani, kila mwenyekiti amwite dereva wake, wakae pamoja garini, wakitafute kitufe kile.