Kuchagua Hoteli ya Fungate Barani Ulaya: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa



Wengi wenu mmezoea kutusikia tukizungumza juu ya mizani, risiti na tarehe za mwisho wa matumizi. Leo tunazungumza juu ya fungate, na bado hatujatoka nje ya kazi yetu. Wanandoa wanaokwenda Ulaya hununua, pengine mara moja tu maishani, huduma ambayo hawajaiona, kutoka kwa mtu wasiyemfahamu, kwa sarafu isiyo yao.

Tena, mamlaka yetu haivuki bahari. Umoja wa Ulaya una mtandao wa vituo vya kuwasaidia walaji, lakini vituo hivyo huhudumia wakazi wa nchi za Umoja huo pamoja na Norway na Iceland. Mkazi wa Dodoma au Tanga hayumo. Kwa hiyo ulinzi mkubwa wa wanandoa wetu ni ule wanaojipatia wenyewe kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, tuzitazame nyota. Watu hudhani nyota tano ni kipimo kimoja duniani kote. Sivyo. Nchini Ufaransa nyota hutolewa chini ya usimamizi wa shirika la Atout France na hudumu miaka 5, kisha hoteli hukaguliwa upya. Juu ya nyota tano ipo sifa ya Palace, iliyoanzishwa mwaka 2010 kwa hoteli chache za pekee. Nchini Italia vigezo huwekwa na mikoa. Nchi kadhaa, zikiwamo Ujerumani, Austria na Uswisi, hufuata vigezo vya pamoja vya Hotelstars Union, iliyoundwa mwaka 2009. Nchini Uingereza hoteli hailazimiki kupimwa kabisa. Ulizeni, basi: nyota hizi zimetolewa na nani, na lini? Kumbukeni pia kwamba nyota hupima vifaa na huduma, kama vile samani za chumba na saa za mapokezi. Hazipimi utulivu wa mtaa, wala kile mtakachokiona mkifungua dirisha. Na maneno kama “deluxe” au “ya kimahaba” ni majina ambayo hoteli hujipa yenyewe.

Pili, someni anwani kabla ya kutazama picha. Hoteli inayotangazwa kuwa ya Venice huenda ipo Mestre, upande wa bara, ambako bei ni nafuu na hakuna mifereji ile mliyoiona kwenye picha. Mkiamua kulala katika mji wa kale wenyewe, jueni kwamba humo magari hayaingii. Masanduku yenu yatavuka madaraja yenye ngazi. Ulizeni hoteli iko hatua ngapi kutoka kituo cha boti kilicho karibu.

Kisiwa cha Santorini, huko Ugiriki, kinatufundisha jambo jingine. Hoteli nyeupe zinazoning’inia juu ya ghuba ya volkano, katika vijiji kama Oia, zimejengwa kwenye ukingo wa mwamba, na nyingi hufikiwa kwa ngazi ndefu. Hoteli ya Kamari, pwani ya mashariki ya kisiwa hichohicho, inaweza kuahidi kwa haki kabisa “mandhari ya bahari”. Bahari ipo. Lakini upande huo jua huchomoza, halizami. Aliyesafiri kwa ajili ya machweo hatakuwa amedanganywa na mtu yeyote, ila atakuwa amelipia kitu asichokitaka. Aidha, hoteli nyingi za kisiwani hufungwa majira ya baridi.

Tatu, tuseme wazi habari ya kitanda. Katika Ujerumani, Austria na Uswisi ni jambo la kawaida kitanda cha watu wawili kuwa na magodoro mawili yaliyowekwa pamoja, kila mmoja na shuka lake na mfarishi wake. Kwa wenyeji hilo si kasoro. Kama mnataka godoro moja zima, andikieni hoteli, na muombe jibu la maandishi.

Nne, tafuteni bei kamili. Miji na nchi nyingi za Ulaya hutoza kodi ya malazi, ambayo mara nyingi hulipwa hotelini, nje ya kiasi mlichokwisha kulipa. Nchini Ugiriki, mwaka 2025, tozo hiyo kwa hoteli ya nyota tano ilikuwa euro 15 kwa chumba kwa usiku kuanzia Aprili hadi Oktoba. Kwa usiku 7 ni euro 105. Mjini Amsterdam kodi ya malazi ilifikia asilimia 12.5 ya bei ya chumba mwaka 2024. Tena hoteli huweza kuzuia kiasi fulani kwenye kadi yenu kama dhamana, na fedha hizo hazitatumika mpaka ziachiliwe. Mkiulizwa kama mnataka kukatwa kwa euro au kwa sarafu ya nyumbani, kwa kawaida euro ndiyo nafuu, kwa sababu kiwango cha kubadilisha cha mashine hubeba faida ya wenye mashine.

Tano, na hapa ndipo hasara kubwa ilipo, someni masharti ya kufuta. Sheria ya Umoja wa Ulaya humpa mnunuzi wa mbali siku 14 za kughairi, lakini malazi yenye tarehe maalumu yameondolewa katika haki hiyo. Mkikubali bei isiyorejeshwa, mmekubali.

Sasa liwekeni jambo hilo kando ya viza. Ombi la viza ya Schengen hupokelewa mapema kabisa miezi 6 kabla ya safari, na kwa kawaida huamuliwa katika siku 15, ingawa huweza kufika siku 45. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima inayodaiwa, ya angalau euro 30,000, ni ya matibabu na dharura. Hailipii chumba mlichokikosa. Ombi hudai pia ushahidi wa mahali pa kulala, na ndiyo sababu wengi hukimbilia kulipa. Chukueni mfano: chumba cha euro 400 kwa usiku 6 ni euro 2,400. Mkipewa punguzo la asilimia 15 kwa bei isiyorejeshwa, mmeokoa 360, lakini mmeweka 2,040 mikononi mwa uamuzi wa afisa wa viza. Ulizeni kwanza ubalozini kama uthibitisho wa nafasi inayoweza kufutwa unakubalika. Na kama mnataka kupitia London, kumbukeni kwamba Uingereza haimo katika Schengen. Ina viza yake.

Sita, mpimeni anayepokea fedha. Wakala aoneshe leseni, atoe mkataba na stakabadhi, na apokee malipo kwa jina la kampuni, kamwe si kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Baada ya kulipa, iandikieni hoteli moja kwa moja, kwa anwani mliyoitafuta wenyewe, mthibitishe kwamba majina yenu yamo. Ukija ujumbe unaowataka “kuhakiki kadi” upya kwa kubofya kiungo, msiubofye.

Kuhusu maoni ya wageni, tangu tarehe 28 Mei 2022 sheria za Umoja wa Ulaya zinakataza maoni ya kughushi na zinamtaka mfanyabiashara aeleze kama anahakiki waandishi wake, na kwa njia gani. Yatafuteni maelezo hayo. Kisha someni maoni ya kati, yasiyosifu mno wala kulaani mno. Humo ndimo mtakapokuta habari za lifti, kelele na maji ya moto.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wekeni pamoja mkataba, masharti kama yalivyosomeka siku ya kulipa, risiti na barua zote. Likitokea tatizo, lalamikeni hotelini kwa maandishi mkiwa bado hukohuko, kisha benki iliyotoa kadi. Kama mliuziwa na wakala wa hapa nchini, njooni kwetu, kwa maana huyo tunaweza kumfikia.

Mwisho, kaeni wawili mkubaliane mnachokitaka: machweo, utulivu au mji wenye shughuli. Swali hilo halina ada, na majibu yake huondoa nusu ya hoteli kwenye orodha.