Rubani na Mwili Wake

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani, daktari mstaafu wa jeshi, aliyoitoa katika Siku ya Wanafunzi wa Zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi ya urubani wa jeshi. Kwanza niwaondolee shaka. Mimi sikuwa rubani. Nilikuwa daktari, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwapima marubani na kuamua nani aruke na nani abaki chini. Kwa hiyo sikuwajua kwa miwani myeusi na mwendo wa madaha mnaouona kwenye sinema. Niliwajua wakiwa wamevua shati. Na nina jambo moja tu la kuwaambia: angani mwili wa binadamu hauaminiki, na rubani hodari ni yule alijuaye hilo na kulisema mapema, angali chini.

Nianze na hewa. Kilele cha Kilimanjaro kina kimo cha mita 5,895, na huko msukumo wa hewa haufiki nusu ya ule wa pwani. Mpanda mlima hutumia siku tano au sita kufika, mwili ukapata nafasi ya kuzoea. Ndege ya kivita hufika kimo hicho kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Katika kimo cha mita 7,600, mtu asiye na oksijeni ana dakika 3 hadi 5 tu za kufikiri sawasawa. Katika mita 10,700 ana nusu dakika hadi dakika moja. Ubaya wake ni kwamba upungufu huu hauumi. Mtu huona raha, akajiona hodari, pengine akacheka, na kumbe vidole vimekwisha acha kumtii.

Mwaka 1875 Wafaransa watatu walipanda kwa puto lililoitwa Zénith, wakapita mita 8,000. Walikuwa na mifuko ya oksijeni karibu yao, lakini walipoihitaji mikono haikuweza tena kuifikia. Tissandier alirudi hai; wenzake wawili, Crocé-Spinelli na Sivel, walirudi maiti. Ndiyo maana leo marubani wa jeshi huingizwa katika chumba maalum kinachopunguzwa hewa, wakaambiwa wavue barakoa na kufanya hesabu ndogo ndogo. Shabaha si kumpima nani ni mwanaume zaidi. Shabaha ni kila mmoja aijue dalili yake: huyu hufa ganzi vidoleni, yule huona joto usoni, mwingine huanza kucheka ovyo. Akiiona siku nyingine angani, anajua la kufanya.

Jambo la pili ni uzito. Ndege inapokata kona kali, mwili hulemewa. Uzito wetu wa kila siku marubani huuita 1 G. Kwenye kona ya 5 G, mtu wa kilo 70 anakuwa kama wa kilo 350. Na ndege nyingi za kivita za kisasa hufika 9 G, yaani kilo 630. Damu nayo inalemewa, inakimbilia miguuni, na moyo unashindwa kuipandisha kichwani. Kwanza rangi zinafifia. Kisha giza linaingia kutoka pembeni, kana kwamba mtu anachungulia ndani ya bomba. Kisha macho hayaoni kabisa, ingawa masikio bado yanasikia. Rubani akiendelea kuvuta usukani, anazirai. Mtu aliyekaa kwa kulegea huzirai karibu na 5 G. Hubaki amezirai sekunde 12 hivi, na akizinduka huchukua muda kama huo hajui yuko wapi. Vijana wa hesabu, pigeni wenyewe: ndege iendayo kilomita 900 kwa saa hupita mita 250 kila sekunde. Katika sekunde 24 imekwenda kilomita 6 bila mtu wa kuiendesha.

Kinga yake ni mbili. Ya kwanza ni suruali maalum ijazwayo hewa, inayobana miguu na tumbo ili damu isishuke. Hiyo peke yake husaidia kidogo tu, kama G moja au zaidi kidogo. Ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni rubani mwenyewe: hukaza mapaja, matako na tumbo, akazuia pumzi, akaibadilisha upesi kila baada ya sekunde tatu hivi. Ni sawa na kubeba gunia la mahindi huku unafanya mtihani wa fizikia. Kwa hiyo misuli inatakiwa, lakini misuli haitoshi. Asiyelala, asiyekula na asiyekunywa maji siku hiyo, uwezo wake umepungua hata akiwa na kifua kama mlango. Mchakamchaka wa alfajiri mnaoulalamikia una faida yake, lakini na usingizi wa usiku una faida yake vile vile.

Jambo la tatu ni sikio. Kwa hili nitaomba kijana mmoja aje mbele.

(Hapa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu alikalishwa kwenye kiti cha ofisi kinachozunguka, akafumba macho na kuonyesha kwa dole gumba upande anaozungushwa. Baada ya kuzungushwa kwa mwendo uleule kama sekunde ishirini alisema kiti kimesimama. Kiliposimamishwa kweli, alisema sasa kinazunguka kwa upande mwingine. Ukumbi ulicheka.)

Mmecheka, na mimi nimefurahi mkicheka. Lakini kijana huyu hakusema uongo. Ndani ya sikio mna mifereji midogo yenye maji, na maji hayo hutambua mzunguko unapoanza au unapobadilika tu. Ukiendelea vile vile, yanatulia, na mtu hudhani hazunguki. Robert Bárány alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa uchunguzi wake juu ya sehemu hii ya sikio, na kiti cha namna hii hadi leo huitwa kwa jina lake. Sasa mweke mtu huyo ndani ya wingu zito au usiku usio na mwezi. Sikio litamwambia ndege imenyooka, na kumbe inainama na kushuka. Vyombo vilivyo mbele yake vitamwambia kweli. Atamwamini nani? Marubani wengi wenye uzoefu wamekufa kwa kuliamini sikio. Rubani hufundishwa kwa miaka kuviamini vyombo na kukikana kile ambacho mwili wake wote unakiapia.

Sasa nije kwenye desturi za marubani wenyewe. Wana mzaha wao, wa nchi nyingi, kwamba katika chumba cha daktari hakutoki heri: utatoka kama ulivyoingia, au utatoka umezuiwa kuruka. Mzaha huo una kweli ndani yake, na kweli hiyo ni hatari. Rubani akijua kwamba ugonjwa utamnyima ndege, ataficha ugonjwa.

Nitawapa mifano miwili, na majina na vikosi nitaviacha. Kijana mmoja alikuwa na mafua siku ambayo ndege zilipangwa kupita mbele ya wageni. Nilimwuliza, akasema ni mzima. Kupanda kulikuwa rahisi. Wakati wa kushuka hewa ya nje ilizidi kusukuma, na mrija wa kuingiza hewa sikioni ulikuwa umeziba kwa mafua. Kiwambo cha sikio kikapasuka. Alitua salama, lakini kwa maumivu ambayo yangeweza kumpofusha kwa vyombo vyake. Akakaa chini wiki nyingi badala ya siku tano.

Wa pili alikuwa mtu mzima, mwenye cheo. Alikuja asubuhi bila kuitwa, akapiga saluti, akasema: "Daktari, mtoto ana homa, usiku sikulala. Leo mimi si wa kuruka." Nikaandika, akaenda nyumbani. Vijana waliokuwa nje walimwona akitoka. Tangu siku hiyo walianza kuja wenyewe, mmoja mmoja. Neno moja la mkubwa lilifanya kazi ambayo mihadhara yangu yote haikuifanya.

Iko na desturi nyingine ninayoisifu. Katika majeshi mengi ya anga, baada ya kutua marubani hukaa pamoja kuchambua safari, na hapo cheo huwekwa kando. Luteni anaweza kumwambia meja: "Afande, ulichelewa kugeuka." Na meja huandika. Jeshi ni mahali pa amri, nanyi mnajua. Lakini walijifunza kwamba ndege haijui cheo cha mtu, na ardhi haimpishi mtu.

Ndugu zangu wanafunzi, najua baadhi yenu mnaota kuruka. Oteni, lakini msidhani ndoto hiyo ina mlango mmoja. Kijana mmoja aliletwa kwangu kupimwa macho. Alisoma herufi zote za ubao bila kusita, hata zile ndogo za chini. Nikageuza ubao mwingine. Hakusoma hata mstari wa nne. Alikuwa ameukariri ule wa kwanza kwa kuwasikiliza wenzake. Alinikasirikia sana. Leo ni fundi mkuu wa ndege, na hakuna rubani anayepanda kabla yeye hajatia sahihi.

Mkumbuke pia Wilbur Franks wa Toronto. Alikuwa mtafiti wa saratani, hakuwa rubani. Aliona mirija yake ya kioo ikipasuka katika mashine ya kuzungusha, ila ile iliyozungukwa na maji. Kutokana na hilo akatengeneza vazi la maji la kumkinga rubani, nalo likatumika vitani mwaka 1942. Na kwa urubani wa kiraia, sheria za kimataifa zinaruhusu miwani, mradi kwa miwani hiyo kila jicho lifike 6/9. Kuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kwa wanaotaka ufundi wa ndege, na Chuo cha Usafiri wa Anga kwa wanaotaka kuongoza ndege. Kote huko wataulizwa hisabati na fizikia, na kote watatakiwa watu wasemao kweli.

Nanyi wenzangu wa zamani, nina ombi. Tumekwisha changia mabweni na madawati. Sasa tulipie upimaji wa macho na masikio kwa kila kijana anayeingia Kidato cha Kwanza. Yuko mtoto humu aliyeketi nyuma ya darasa, haoni ubao, naye anaona haya kusema. Kabla hatujamfundisha kusema kweli juu ya mwili wake angani, tumfundishe hapa, kwa kumwuliza na kumsaidia akijibu.