Mbwa Hazaliwi Mchaguzi: Mada Kuhusu Kumlisha Mbwa Anayesusa Chakula



1. Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie mbwa anayesusa chakula. Nitaanza na mbwa wa kwangu, ili asijione mtu amesutwa.

Chui ni dume la kienyeji la kilo 20. Kwa miezi miwili alikuwa ananusa ugali wake wa dagaa, anaugeuzia mgongo, anakwenda kulala chini ya mwembe. Kuku ndio waliokuwa wakimaliza sahani. Nikambadilishia: leo maini, kesho wali, keshokutwa kichwa cha samaki. Kila kipya alikila siku mbili, ya tatu akasusa. Nikaanza kuamini kwamba nimefuga mbwa wa kitajiri katika nyumba ya mstaafu.

Jumamosi moja nikatundika daftari kwenye mlango wa jikoni, na kalamu nimeifunga kwa uzi. Nikawaomba wote waandike watakachompa Chui siku hiyo. Jioni nilisoma hivi: saa 12 asubuhi, ncha za mkate zilizochovywa kwenye chai ya maziwa, kutoka kwa mama watoto. Saa 2, kitumbua kizima, kutoka kwa mjukuu. Saa 6, ngozi ya kuku, kutoka kwa dada wa jikoni. Saa 8, ukoko wa wali. Saa 10, biskuti nne. Saa 1 usiku, mfupa wa mbuzi uliopitishwa kwenye ua na mlinzi wa jirani, ambaye aliungama mwenyewe nilipomuuliza. Saa 2 usiku ndipo nilipofika mimi na sahani yangu, nikashangaa mbwa hali!

Hoja yangu leo ni hiyo tu. Mara nyingi mbwa mchaguzi amefundishwa kuchagua, na waliomfundisha ni sisi wenyewe kwa mikono mingi. Kwa hiyo dawa yake inaanzia kwa watu wa nyumbani kabla ya kufika kwenye sahani.

2. Kususa na kuumwa

Kabla ya kusema mbwa anadeka, mtazame. Anayesusa ugali lakini akamrukia mtoto aliyeshika kitumbua, huyo anachagua. Anayekataa hata kitumbua, huyo anaumwa.

Fungua mdomo wake kwa upole uangalie jino lililooza au mfupa uliokwama. Bonyeza ufizi: unatakiwa uwe wa waridi, na rangi irudi upesi ukiachia. Ufizi uliopauka kwa mbwa mwenye kupe na homa ni dalili ya kumwahisha kwa daktari, kwa sababu magonjwa yaenezwayo na kupe hukata hamu ya kula. Minyoo nayo humdhoofisha, hasa mtoto wa mbwa.

Kuna hali moja ambayo hutakiwi kuingiza mkono mdomoni hata kidogo. Mbwa anayetiririkwa na mate, taya limelegea, anashindwa kumeza, na tabia yake imebadilika ghafla, usidhani amekwamwa na mfupa. Huenda ni kichaa cha mbwa. Mtenge, wazuie watoto, mwite afisa mifugo.

Mbwa mzima mwenye afya akiruka mlo mmoja si balaa. Akipitisha siku mbili bila kula, nenda kwa daktari. Mtoto wa mbwa asisubirishwe hata siku moja, kwa kuwa akiba ya mwili wake ni ndogo.

3. Pua kwanza, ulimi baadaye

Ulimi wa mbwa una vionjio vichache sana kuliko wetu: takriban 1,700, na wa binadamu hukaribia 9,000. Mbwa huamua kwa pua. Chakula kilichotoka kwenye friji hakinukii, na kwake kisichonukia ni kama hakipo. Kimiminie maji ya moto kidogo, koroga, kipime kwa kidole. Kikiwa vuguvugu kama mwili wake, yaani nyuzi 38 hivi, kinatosha. Watu wengi wangeokoa pesa za maini kwa kikombe kimoja cha maji ya moto.

Jambo la pili ni saa. Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake wa mmeng'enyo wa chakula, alionyesha kwamba mbwa hudondokwa na mate kabla chakula hakijafika, akisikia au akiona tu kile kinachokitangulia. Tumbo la mbwa hujiandaa kwa mazoea. Mbwa anayelishwa saa moja asubuhi na saa moja jioni huja na njaa yake tayari. Anayedokolewa kutwa nzima hana saa ya njaa, ndiyo maana huchagua; wahenga walisema mwenye njaa hana miiko.

4. Kilichomo ndani ya sahani

Wapo wanaosema mbwa ni mla nyama na ugali haumfai. Mwaka 2013 Erik Axelsson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walichapisha utafiti uliolinganisha mbwa na mbwa mwitu (wolf). Waligundua kwamba mbwa wa nyumbani ana nakala nyingi zaidi za jeni inayosaidia kumeng'enya wanga. Alizipata kwa kuishi na mkulima. Ugali basi si kosa. Kosa ni ugali mtupu, na nyama tupu ni kosa vilevile, kwa sababu ina fosforasi nyingi na kalisi kidogo mno, na mifupa ya mtoto wa mbwa hulipia upungufu huo.

Mbwa mzima wa kilo 20 asiye na kazi nzito huhitaji takriban kilokalori 1,000 kwa siku. Sahani ya Chui kwa siku nzima, iliyogawanywa mara mbili, ni hii:

- unga wa mahindi gramu 150, uliosongwa ukaiva;
- dagaa wakavu gramu 60;
- mapafu au utumbo wa ng'ombe gramu 150, uliochemshwa ukaiva;
- mafuta ya kula kijiko kimoja kikubwa;
- mchicha au karoti, ukubwa wa ngumi, iliyokatwa ndogondogo.

Hakuna chumvi, wala kitunguu. Dagaa huliwa na mifupa yao, hivyo wao ndio wanaoleta kalisi. Waliokaushwa mchangani wapepetwe na kuoshwa mara mbili tatu, maana mchanga nao humfanya mbwa asuse, na hapo ana haki. Wenye chumvi walowekwe. Mara moja au mbili kwa wiki badala ya mapafu weka yai lililochemshwa au kipande kidogo cha ini, kisha muulize daktari kuhusu nyongeza ya madini na vitamini, hasa zinki na vitamini E, ambazo sufuria ya nyumbani hupungukiwa.

Matumbo na mapafu mabichi usimpe. Turkana, kaskazini mwa Kenya, imejulikana kwa miaka mingi kwa ugonjwa wa uvimbe wenye maji kwenye ini na mapafu ya watu. Husababishwa na tegu ambaye mbwa humpata kwa kula viungo vibichi vya mifugo, kisha mayai yake yakamfikia binadamu kupitia kinyesi cha mbwa. Moto wa jiko humlinda mbwa, na humlinda mjukuu anayemkumbatia.

Sasa unga wenyewe. Wengi humnunulia mbwa pumba, au mahindi yaliyofagiwa sakafuni. Sumukuvu hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini, yaani hukohuko kwenye pumba, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na ini la mbwa halina ustahimilivu zaidi ya letu. Mbwa akigeuzia mgongo ugali wa unga wenye ukungu, mshukuru. Unga usioweza kuula wewe, usimpe yeye.

5. Wepesi wa kazi

Chakula bora kinachomchosha mpishi hakidumu wiki mbili. Nawapa njia inayotumika kwangu. Mara moja kwa mwezi dagaa waliooshwa na kuanikwa tena hukaangwa bila mafuta hadi wavunjike kwa kidole, wakatwangwa kwenye kinu na kuhifadhiwa kwenye kopo lenye kifuniko. Wakati wa kusonga ugali, unga huo wa dagaa unamwagwa ndani ya sufuria. Kazi ni ya dakika moja, na faida ni mbili. Mbwa mchaguzi hawezi tena kuokota dagaa mmojammoja akakuachia ugali mweupe, na harufu imeenea sahani nzima.

Mwenye friji ya kugandisha apike cha siku tatu au nne, agawe kwenye makopo ya mlo mmojammoja. Asiye nayo apike kila siku pamoja na ugali wa nyumba, atenge cha mbwa kabla mboga ya watu haijatiwa kitunguu.

Chakula kikavu cha paketi nacho ni msaada. Soma kama kimeandikwa kuwa ni mlo kamili na kwa umri gani. Tahadhari yangu ni kwa kile cha kupimiwa kutoka kwenye gunia lililokaa wazi dukani. Mafuta yake huchacha, na mbwa huwahi kujua kabla yako. Nunua kinachokwisha ndani ya mwezi, ukifunike vizuri. Kuchanganya nusu paketi na nusu ugali wa dagaa kunakubalika, mradi kila kimoja kipunguzwe.

6. Wiki ya kurudisha adabu

Mlo usibadilishwe ghafla, tumbo litaharisha. Siku mbili za kwanza weka robo ya mlo mpya, mbili zinazofuata nusu, mbili nyingine robo tatu, ya saba mlo mzima.

Sahani iwekwe kwa saa yake, mahali pake, kwa dakika 20. Akila, vizuri. Asipokula, iondoe bila kumkemea wala kumbembeleza, na asipewe kitu hadi mlo unaofuata. Maji yasiondolewe kamwe. Siku ya pili atakuja kukukalia miguuni na kukutazama kwa macho ya yatima. Hapo ndipo nyumba nyingi hushindwa. Chui alisusa milo mitatu, wa nne akalamba hadi bakuli likatembea uani.

Vya kudokoa visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku. Kwa mbwa wa kilo 20, kitumbua kimoja chaweza kuimaliza. Mtoto anayependa kumpa mbwa kitu apewe kazi ya kubeba sahani yenyewe. Kila mwezi pitisha kiganja ubavuni mwa mbwa. Mbavu zihisike kama mifupa ya mgongo wa kiganja chako. Zikijificha punguza, zikichomoza ongeza.

7. Visivyoingia sahanini

Kitunguu maji, kitunguu saumu, chokoleti, zabibu mbichi au kavu, na vitu vitamu vyenye zailitoli (xylitol, kibadala cha sukari) ni sumu kwa mbwa. Wenzetu wenye mashamba ya makadamia wajue kwamba karanga zake hulegeza miguu ya nyuma. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vikali. Ngozi na mafuta mengi ya nyama huweza kuleta uvimbe wa kongosho.

8. Mapendekezo

Napendekeza mambo matatu. Kila nyumba imteue mtu mmoja wa kumlisha mbwa, wengine wote waombe ruhusa kwake. Walinzi wa jirani na wageni waambiwe. Na maafisa ugani, wanapopita kuchanja mbwa, waulize pia wanakula nini.

Daftari la Chui bado linaning'inia mlangoni. Siku hizi kurasa zake zina mistari miwili tu kwa siku, wa asubuhi na wa jioni. Juzi tu niliona mstari wa tatu, kwa mwandiko wa mjukuu: "nusu kitumbua, nilimwonea huruma". Tulizungumza. Na jioni ile nilipunguza ugali.