Kazi ya Saa na Masomo ya Udaktari

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Isiolo)



Wengine mtashangaa kwamba leo tunasimama kunena habari za digrii ya udaktari, hali wengi wetu humu ni makarani, madereva na watu wa hoteli. Hatusemi udaktari wa sindano. Twasema ule wa vitabu. Anayeusomea huku akifundisha kwa malipo ya saa ni mfanya kazi kama sisi, na taabu yake ni ile ile ya kibarua ye yote.

Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa kanuni kwamba mhadhiri sharti awe na digrii hiyo, ikawapa waliokuwa kazini miaka 5. Muda ukapita, na wengi hawakuipata. Si kwa uvivu. Walitakiwa wasome, lakini karo ilibaki juu yao. Basi mtu hutafuta saa za kufundisha ili alipe karo, na saa hizo hizo ndizo zinazokula wakati wake wa kusoma.

Tuchukue mwenzetu wa hapa Isiolo aliyepewa saa 6 kwa juma katika chuo kimoja upande wa Meru. Ni kilometa 50 hivi, gari likipanda kutoka joto letu hadi baridi ya mlimani. Akienda mara 2 kwa juma, tuseme njia na kungoja gari lijae ni saa 6 nyingine. Kutayarisha somo, saa 2 kwa kila saa ya darasa, ni 12. Jumla ni 24, na malipo ni ya 6. Mitihani ya kusahihisha hatujaigusa. Na msimamizi wake wa masomo yuko Nairobi, naye humwita siku ile ile ya darasa!

Kwa hiyo kabla ya kukubali, hesabuni zile 24, wala si 6. Ombeni madarasa yawekwe siku mbili zinazofuatana, ili siku zilizobaki ziwe za vitabu, na jambo hilo liandikwe. Sheria ya Kazi ya 2007 yataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uwe wa maandishi, msikubali kuambiwa, “Wewe anza, barua itakuja.” Sheria hiyo yatoa livu ya siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye mshahara, lakini livu ya masomo haimo. Hiyo hupatikana kwa mapatano ya chama na mwajiri, na asiye na kadi ya chama hana wa kumsemea.

Sasa tufike penye kidonda. Wengi wa kazi ya saa hulipwa baada ya mihula kupita. Mwanafunzi huona haya kudai, akiogopa kuharibu jina lake kwa wakubwa watakaomwajiri kesho. Husema, nikimaliza nitadai. Ndugu, masomo haya hayapungui miaka 3, na kwa mtu mwenye kazi na watoto huzidi sana. Na sheria ile ile yasema dai la mkataba wa kazi lipelekwe mahakamani ndani ya miaka 3. Anayengoja joho atalivaa deni limekwisha kufa. Barua za kukumbusha, hata zikiwa kumi, hazisimamishi hesabu hiyo.

Sisi wa halmashauri tulichelewa kuliona jambo hili. Tuliwahesabu watu wa vitabu kuwa ni wakubwa wasiohitaji chama. Kuanzia leo katibu ana daftari mezani. Leteni barua ya kazi, orodha ya saa mlizofundisha iliyotiwa sahihi, na tarehe ambayo malipo yalistahili kutolewa. Wenye madai yanayokaribia miaka 3 watashughulikiwa kwanza, hata ikibidi tukeshe.