Kusoma Matokeo ya KCSE: Wastani wa Shule na wa Taifa



Matokeo ya kidato cha nne yakitangazwa, swali sokoni na kwenye matatu huwa moja: "Shule ile imepata ngapi?" Jibu nalo huwa nambari moja tu, na kwa nambari hiyo mzazi huamua kumhamisha mtoto au kumwacha.

Chukueni mfano wa shule mbili, kila moja ina watahiniwa 40. Katika ya kwanza, 10 wamepata B na 30 wamepata D+. Katika ya pili, 10 wamepata C na 30 wamepata C-. B ni alama 9, C ni 6, C- ni 5 na D+ ni 4. Pigeni hesabu: zote mbili zina wastani wa 5.25.

Sasa zilinganisheni na taifa. Kipimo kinachotajwa zaidi ni idadi ya waliopata C+ na zaidi, gredi ya chini kabisa ya kusomea shahada chuo kikuu. Katika KCSE ya 2024 walikuwa 246,391, yaani asilimia 25.53. Shule ya kwanza, yenye asilimia 25, inakaribiana na taifa. Ya pili haina hata mmoja.

Lakini diploma huhitaji C-. Shule ya pili imewafikisha wote 40 hapo, ilhali ya kwanza imewaacha 30 nje na kubakiwa na kozi za cheti na ufundi. Mzazi wa mtoto wa kadiri, na watoto wengi ni wa kadiri, angechagua ipi?

Kulinganisha mwaka na mwaka pia kuna mtego. Mwaka wa 2022 waliopata C+ na zaidi nchini walikuwa asilimia 19.62, mwaka wa 2023 wakafika asilimia 22.27. Mwaka huo namna ya kuhesabu ilibadilika: Hisabati, lugha moja, kisha masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi. Shule iliyopanda kidogo mwaka huo, basi, huenda ilibebwa na hesabu mpya.

Tena kuna wasioonekana kwenye wastani wowote: walioingia kidato cha kwanza na hawakufika chumba cha mtihani. Shule inayowaondoa wanyonge kabla ya usajili wa mtihani hupandisha wastani wake bila kufundisha zaidi, na hilo si la kupigiwa makofi.

Katika mkutano wa wazazi, mwulizeni mwalimu mkuu wanafunzi wangapi waliingia kidato cha kwanza, wangapi walifanya mtihani, na wangapi walipata kila gredi, kuanzia A hadi E. Orodha ya gredi hutoka KNEC na shule inayo.