Kujidhuru ni Dalili, Si Utundu
Maneno ya mazungumzo kwa wazazi, walimu na wahudumu wa afya ya jamii



Mtoto huvaa sweta mchana wa Januari, jua likiwaka, na nyumbani wakadhani ni mtindo. Siku moja mkono wa sweta unapanda kidogo wakati wa kufua na makovu yanaonekana. Yanayofuata katika boma nyingi yanajulikana: mtoto huulizwa ni nani aliyemfundisha, huchapwa, hupelekwa kuombewa, na shuleni hutumwa nyumbani akamlete mzazi. Zahanati hukumbukwa mwisho.

Madaktari wa akili huliona jambo hili kama dalili, jinsi homa ilivyo dalili. Homa peke yake haisemi kama ni malaria au nimonia, ndiyo maana mtu hupimwa. Vivyo hivyo, anayejidhuru huenda ana mfadhaiko, wasiwasi uliokithiri, makovu ya dhuluma aliyotendewa utotoni, au tatizo la hulka linalofanya hisia zipande ghafla na kukawia kushuka. Wengine hawana ugonjwa wenye jina, ila wamelemewa.

Wengi wao hawatafuti kifo. Hujiumiza ili uchungu wa moyoni utulie kidogo, au wahisi chochote baada ya kufa ganzi. Nafuu hiyo hupita upesi, aibu huingia, na mambo hurudi palepale. Mwaka 1987 Armando Favazza, daktari wa akili wa Marekani, alichapisha kitabu Bodies Under Siege, akitofautisha kujidhuru kwa ugonjwa na alama za mwili zinazokubaliwa na jamii. Tofauti hiyo wazee wetu wanaielewa bila kitabu. Aliyetogwa masikio au kung'olewa jino la mila alifanyiwa mbele ya watu, kwa maana iliyojulikana. Anayejidhuru hujificha.

Hata hivyo, kusema "hakutaka kufa" kusiwe sababu ya kupuuza. Aliyewahi kujidhuru ana hatari kubwa zaidi ya kujitoa uhai baadaye kuliko ambaye hajawahi. Kwa hiyo aulizwe waziwazi, kwa sauti ya chini: "Unafikiria kufa?" Wengi huhofia kwamba swali litampa wazo. Utafiti hauonyeshi hivyo, na mara nyingi mgonjwa hushusha pumzi kwa kuwa hatimaye ameulizwa.

Kuna hali isiyongoja kesho: mgonjwa anaposikia sauti zinazomwamuru ajiumize. Huyo afikishwe hospitalini siku hiyohiyo na asiachwe peke yake njiani wala nyumbani. Kumfunga kamba hakunyamazishi sauti.

Familia nyingi zilinyamaza pia kwa kuogopa polisi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mzazi anayemkimbiza mwanawe hospitalini hampeleki mahabusu.

Matibabu yapo. Hakuna kidonge cha kuzuia kujidhuru chenyewe. Dawa hutibu ugonjwa ulio nyuma yake, na ushauri nasaha humfundisha mtu kustahimili wimbi la hisia hadi lishuke. Tiba mojawapo inayojulikana sana ilibuniwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Marsha Linehan. Mwaka 2011 alisema hadharani kwamba yeye mwenyewe alijidhuru akiwa msichana na akalazwa hospitali ya akili. Wanaosema "huyo hawezi kuwa mtu tena" wamkumbuke.

Usiku wa leo, mwenye mgonjwa nyumbani afungie dawa za hospitali na za shambani. Jeraha litibiwe na muuguzi, naye aache mahubiri. Anayetaka kuzungumza na mtu anaweza kupiga 1199, nambari ya Shirika la Msalaba Mwekundu nchini, bila malipo.

Kwa walimu: ukaguzi wa mikono mbele ya gwaride uachwe. Mwanafunzi aitwe faraghani, na mwenzake aliyeleta habari asitajwe jina.