NANI HUHAKIKI MIKATABA YA SILAHA?



Mkataba wa kupunguza silaha hutiwa saini hadharani, na wino hukauka siku hiyo hiyo. Kazi ya kuhakikisha kwamba yaliyoandikwa yanatekelezwa huchukua miaka, na aghalabu haina wapiga picha. Mazungumzo haya yanahusu cheo kimoja kilichowekwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Nchini Marekani, shughuli za kudhibiti silaha zilikuwa na chombo chake tangu mwaka 1961, enzi ya Rais John F. Kennedy. Chombo hicho kilivunjwa Aprili 1999 na kazi zake kuhamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje. Hapo pana swali zito. Mwanadiplomasia ambaye kazi yake ni kupatana na nchi nyengine, je, atathubutu kuandika kwamba nchi hiyo imevunja ahadi? Kabla ya mwaka huo kumalizika, sheria iliweka Waziri Mdogo wa kushughulikia uhakiki na utekelezaji wa mikataba, anayethibitishwa na Baraza la Senate. Paula DeSutter alikishika cheo hicho kuanzia 2002 hadi 2009, akafuatiwa na Rose Gottemoeller. Sheria pia inadai taarifa ya kila mwaka, ifikapo tarehe 15 Aprili, ikieleza ni nani anatimiza mikataba na ni nani anakwenda kinyume.

Wazee husema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba wa makombora ya masafa ya kati, uliotiwa saini na Reagan na Gorbachev tarehe 8 Disemba, 1987, ulikuwa na daftari hasa. Makombora 2,692 yaliteketezwa kufikia katikati ya 1991, huku kila upande ukishuhudia. Wakaguzi wa Kimarekani walikaa kwenye lango la kiwanda cha Votkinsk, nchini Urusi, wakitazama kinachotoka. Warusi nao walikaa Magna, katika jimbo la Utah. Ulinzi huo wa malangoni uliendelea hadi 2001.

Baadaye mambo yaliharibika. Mwaka 2013 maafisa wa Marekani waliwaeleza Warusi wasiwasi wao juu ya kombora jipya, lakini hukumu ya maandishi ilitolewa Julai 2014. Urusi ilikanusha. Marekani ilijitoa tarehe 2 Agosti, 2019, na mkataba ukafa. Mkataba mwengine wa nchi hizo mbili, wa 2010, uliruhusu ukaguzi 18 kwa mwaka kwa kila upande. Ukaguzi ulisimama Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, na haukurejea tena. Februari 2023 Urusi ilisitisha ushiriki wake. Bila ya mkaguzi kuingia kambini, afisa wa uhakiki, hata awe hodari namna gani, hubaki na picha za satelaiti na dhana.

Kazi hii si ya mataifa makubwa peke yao. Tanzania iliridhia mwaka 2004 Mkataba wa 1996 wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia, ambao bado haujaanza kutumika kisheria. Hata hivyo, Dar es Salaam imewekwa kituo cha kupima chembechembe za mnunurisho angani. Hewa huvutwa kupitia kichujio kwa saa 24, kichujio huachwa kitulie, kisha hupimwa, na matokeo hupelekwa Vienna, liwepo la kuripoti au lisiwepo.